Poka ya simu: kazi au kamari? Nianzie kwenye blaindi ndogo

MLETA MADA (Kibokoni)
Ndugu zangu, vijana mtaani wanaambiana poka ya mtandaoni si kamari, ni kazi ya akili. Nimecheza miaka minne, na nasema ujuzi upo, ila kazi si kazi. Ushahidi wangu ni kiti kimoja: blaindi ndogo, ambacho mwenyewe hulazimika kutia dau kabla ya karata; jirani yake, blaindi kubwa, hutia mara mbili yake.

Juzi nilikaa barazani na mpwa wangu, simu mkononi mwake, meza ya watu sita, blaindi senti 5 na 10 za dola. Yeye ndiye blaindi ndogo, kwa hivyo senti 5 zishaingia kabla hajaona karata. Mwenye kitufe, yaani kiti kinachosema mwisho karata za mezani zikishafunguliwa, akapandisha hadi 25. Kijana ana kingi ya kopa na tisa ya shupaza, na kidole kishaelekea kulipia.

"Mjomba, nishatia senti 5, nitaziachaje?"

Hizo si zako tena, nikamwambia, ni za mezani. Atoe 20 kufuata 40 zilizo mezani (25, 10 na 5 zake): hesabu ya juu juu yadai ashinde mara 1 kati ya 3. Lakini flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani, ikifunguliwa yeye ndiye wa kwanza kusema, duru zote, na mwenzake amtazama tu. Blaindi kubwa naye hajasema, aweza kupandisha. Tena wenye meza nyingi za dau dogo hujikatia karibu asilimia 5 ya fedha za mezani flopu ikishafunguliwa; mkono, yaani mchezo mmoja, ukiisha kabla yake, kwa kawaida hawakati kitu. Ndiyo maana wajuzi hapo ama hupandisha tena ama hutupa.

MCHANGIAJI (Likoni)
Ami, kwa heshima, umejipinga mwenyewe. Kukiwa na njia sahihi ya kucheza, basi si bahati. Wote wakitupa mkabaki wewe na blaindi kubwa, kingi na tisa hiyo hiyo yapandishwa bila wasiwasi. Huo ni ufundi. Mbona fundi mwingine alipwa na haitwi mcheza kamari?

MLETA MADA
Mwanangu, hapo pandisha, sikatai. Lakini ukitupa kila mara, mikono 100 katika kiti hicho yakutoa thamani ya blaindi kubwa 50. Mjuzi hupoteza chini ya hapo, ila hupoteza. Hata mabingwa, kwa muda mrefu, kiti hicho kwao ni hasara. Faida huitafuta kwingine, hasa kwenye kitufe, nayo yatoka mfukoni mwa mchezaji dhaifu, mwenye meza akishakata chake. Fundi simu wa Mwembe Tayari akilipwa, mteja huondoka na simu inayofanya kazi. Yule dhaifu huondoka na nini?

MCHANGIAJI (Mji wa Kale)
Qur'ani 5:90 yataja kamari pamoja na pombe. Kwangu imekwisha hapo.

MLETA MADA
Ustadh, aya hiyo mpwa wangu aijua tangu madrasa, na simu bado iko mkononi. Sasa namwandikisha daftarini kila senti ya blaindi ndogo, iliyotoka na iliyorudi. Ukurasa wa kwanza umejaa. Jana aliujumlisha mara mbili, akidhani amekosea.