Tangazo la Krismasi: nembo iingie sekunde ya ngapi?

Mkata_Picha
Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kuhariri video za matangazo. Kuna mteja anataka tangazo la Krismasi la dakika moja "litakalowatoa watu machozi", lakini hapohapo nembo yake ikae kwenye kona mwanzo mpaka mwisho, na bei zipite chini. Nikamwambia hivyo viwili havipikiki chungu kimoja. Kanijibu eti mimi mvivu. Nimwelezeje?

Bi_Sauti
Mwonyeshe la John Lewis, maduka ya Uingereza, la mwaka 2011. Mtoto wa kiume anaikodolea saa macho, anagongagonga vidole, anabugia chakula upesi akalale. Unamwona ana uchu wa zawadi. Krismasi inafika, zawadi zake zimerundikana miguuni pa kitanda, naye anazipita kama hazipo! Anafungua kabati, anatoa boksi lililofungwa hovyohovyo, anawapelekea wazazi wake. Hapo machozi yanatoka, maana muda wote ulimdhania vibaya. Jina la duka linakuja mwisho kabisa. Sasa piga picha bei zinapita chini ya yule mtoto.

Mzee_wa_Kona
Mimi machozi ya namna hiyo siyaamini. Mwaka 2015 Edeka, supamaketi za Ujerumani, walimwonyesha mzee anayekula Krismasi peke yake miaka nenda rudi. Wanawe wanapata taarifa ya msiba wake, wanakuja na nguo nyeusi, wanakuta meza imeandaliwa, na marehemu huyo anatoka jikoni. Nililia, sikatai. Halafu nikakasirika: leo supamaketi ndiyo inikumbushe kumpigia baba simu? Na Sainsbury's, supamaketi za Uingereza, mwaka 2014 wakaingia hadi kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, 1914, wakapenyeza chokoleti kwenye koti la askari.

Bi_Sauti
Shikamoo mzee. Hasira zako nazielewa, hata Uingereza wapo waliolalamika. Ila ile chokoleti iliuzwa madukani kweli, faida ikaenda Royal British Legion, wanaosaidia askari na familia zao. Na kwa Edeka, tazama chakula: kiko mezani tu, hakisifiwi. Angetokea mtu akasema kuku ni mtamu, msiba wote ungegeuka kichekesho.

Mzee_wa_Kona
Marahaba. Kwa chakula umenishika. Kwa mahandaki bado.

Mkata_Picha
Mrejesho, wakuu. Nimemwonyesha mteja yule mtoto. Katulia tuli, simu yake inaita haigusi. Boksi lilipotoka kabatini akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nikajua nimeshinda.
Akapenga kamasi, akaniuliza: "Nembo yao mbona sikuiona?"
Bei amekubali ziondoke. Nembo tumeisogeza hadi sekunde tano za mwisho, ila jana usiku kanitumia ujumbe: je, yule mtoto wetu hawezi kuvaa fulana yenye jina la duka?

Bi_Sauti
Mwambie boksi lifungwe hovyohovyo kwanza.