Ustaarabu uliopotea enzi za barafu: kama ulikuwepo, masalia yako wapi?

Mdadisi
Wakuu, tujadili bila matusi. Wanaodai kulikuwa na ustaarabu mkubwa uliofutika miaka kama 12,000 iliyopita wana hoja mbili nzito. Kule Göbekli Tepe, Uturuki, kuna nguzo za mawe za umbo la T, nyingine mita 5.5, zilizosimamishwa mnamo 9500 KK, kabla ya kilimo. Pili, tangu barafu ilipofikia kilele bahari imepanda takriban mita 120. Miji ya pwani si itakuwa imezama?

Kokoto
Mkuu, Göbekli Tepe inawaumbua. Achana na nguzo, tazama jalala: mifupa ni ya swala na ng'ombe mwitu, nafaka nazo za mwituni. Suke la ngano mwitu likikomaa hupukutika lenyewe. La shambani hushikilia punje mpaka lipurwe. Ukiweka kishikio cha punje kwenye hadubini, kovu la mwituni ni laini, la shambani limechanika. Makovu yaliyochanika huongezeka polepole katika tabaka za baadaye. Sasa hao wenye miji na meli walikuwa wakila nini?

Uyeyushaji wa madini nao haufichiki. Warumi walipoyeyusha mawe yenye madini ya risasi ili kupata madini ya fedha, moshi ulifika Greenland na risasi yake imo kwenye barafu hadi leo.

Kina Kirefu
Hoja ya bahari msiibeze. Mlango wa pango la Cosquer, Ufaransa, uko mita 37 chini ya maji, na ndani kuna michoro ya farasi na alama za mikono. Mwaka 1931 meli ya uvuvi Colinda iliopoa chusa ya pembe ya mnyama kutoka Bahari ya Kaskazini, palipokuwa nchi kavu zamani. Huko chini bado hatujachunguza vya kutosha.

Kokoto
Kweli, ila vyote hivyo ni vya wawindaji. Na dola haiishi ufukweni tu. Machimbo na migodi yake huingia bara, maji yasikofika.

Mpima Umri
Mtoa mada, ukiona tarehe ya kushtua, uliza kwanza kimepimwa nini. Makala ya 2023 kuhusu Gunung Padang, kilima chenye magofu ya mawe huko Indonesia, ilidai ujenzi wa kati ya 25000 na 14000 KK. Jarida likaifuta 2024, kwa kuwa udongo uliopimwa haukuambatana na alama yoyote ya binadamu. Kaboni 14, kipimo cha umri wa mabaki ya viumbe, husema mmea ulikufa lini. Jiwe lilisogezwa lini, haijui. Udongo wa kale uko chini ya nyumba yoyote, hata iliyojengwa jana.

Sampuli ya kuaminika ni punje iliyoungua, kutoka mekoni palipofunikwa na sakafu isiyovurugwa. Mkaa wa gogo nene una mtego: kiini cha mti kinaweza kuuzidi moto wenyewe kwa karne kadhaa. Tena usipime moja. Pima kadhaa za tabaka lilelile. Zikipishana mno, shuku mizizi au panya waliochimba humo.