Wakuu nginx (programu inayorusha tovuti) imegoma kuwaka baada ya kubadili konfigi, tovuti ya mteja iko chini tangu saa nne usiku, naombeni msaada

chalii_wa_sakina (saa 5:02 usiku)

Habari za usiku wakuu, niko Arusha hapa Sakina, naomba mwenye uzoefu na nginx anisaidie maana nimehangaika lisaa lizima na sioni njia.

Nina mteja ana kampuni ya utalii, tovuti yake naihudumia mimi mwaka wa pili sasa, iko kwenye VPS (seva ya kukodi) ya Ubuntu 24.04, siku zote ni kurasa za HTML tu na haijawahi kunisumbua. Wiki hii akaniomba subdomeini ya wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, iwe na fomu ya kujaza tarehe na idadi ya watu, basi jioni nikaweka PHP (lugha ya kuendeshea fomu) kwa `apt install php`, ikaingia na tovuti ikawa inafunguka kama kawaida. Saa nne hivi nikafungua faili la konfigi (mipangilio ya nginx), nikalitolea kopi kwanza, nikaongeza block (kipande cha mipangilio) ya machame na mistari ya SSL (ya https), nikapiga `systemctl restart nginx` ikaja hii:

`Job for nginx.service failed because the control process exited with error code.`

Tangu hapo haijawaka. Nimeristati kama mara kumi, nikariboti VPS nzima, na baada ya kuriboti nikiandika IP ya seva kwenye simu unakuja ukurasa umeandikwa It works! kwa hiyo naona seva yenyewe ni nzima, ila tovuti ya mteja kwa https inakataa kabisa. Domeini nimeificha, humu naandika mfano.co.tz.

Huu ni msimu wa wageni, kuna watu wa Ujerumani mteja kawatumia linki leo jioni wanaangalia bei ili waamue, na yeye bado hajajua kama iko chini. Sitaki aamke akute hivi.

njiro_block_c (saa 5:06)

Pole sana mkuu. Angalia RAM kwanza, piga `free -h`, VPS ndogo zikijaa huduma zinakataa kuwaka.

chalii_wa_sakina (saa 5:08)

RAM ipo mkuu, zaidi ya giga moja iko wazi.

dada_wa_rau (saa 5:11)

Pole kaka, niko Moshi bado niko macho. Usiristati tena kwanza, hiyo sentensi uliyoiweka haisemi kosa ni nini, inasema tu imeshindikana. Piga `nginx -t` ulete kilichotoka chote usikikate.

Na kwa mara nyingine ukibadili konfigi anza na hiyo `nginx -t`, ikisema sawa ndiyo upige `systemctl reload nginx`, siyo restart. Restart inazima kwanza halafu ndiyo inajaribu kuwasha, kwa hiyo konfigi ikiwa na kosa unabaki gizani. Reload ikikuta kosa inaendelea na konfigi ya zamani, na wageni wanaofungua tovuti hawajui kama kuna kitu kimetokea. Ungepiga reload saa nne ungeona kosa lile lile ila tovuti ingekuwa hewani mpaka sasa.

chalii_wa_sakina (saa 5:14)

Asante dada. Imetoa hii:

`[emerg] invalid number of arguments in "root" directive in /etc/nginx/sites-enabled/mfano:34`

Sasa mstari wa 34 nimeusoma mara tano, umeandikwa `index index.php index.html;` na hata neno root halimo humo.

dada_wa_rau (saa 5:16)

Panda mstari wa 33. Nginx inasoma mpaka ikutane na nukta mkato, kwa hiyo ukiisahau kwenye root inaunganisha na mstari unaofuata na namba inayokutajia ni pale ilipofika, siyo pale ulipokosea.

chalii_wa_sakina (saa 5:18)

Kweli kabisa, kwenye root nukta mkato haikuwepo. Nimeiweka, nimepiga tena, sasa limekuja lingine:

`[emerg] a duplicate default server for 0.0.0.0:80 in /etc/nginx/sites-enabled/mfano.bak:2`

babu_terminali (saa 5:20)

Kijana wangu, hiyo kopi uliyosema umeitoa kabla ya kubadili umeiweka humo humo ndani ya sites-enabled, si ndiyo?

chalii_wa_sakina (saa 5:21)

Shikamoo mzee. Ndiyo, nilipiga cp nikaiita mfano.bak.

babu_terminali (saa 5:25)

Marahaba. Fungua /etc/nginx/nginx.conf utakuta mstari `include /etc/nginx/sites-enabled/*;` na hiyo nyota inachukua kila faili lililomo, haijali kama mwisho lina bak au halina. Kwa hiyo nginx inaisoma tovuti yako mara mbili, na kote mbili umeandika default_server (tovuti ya kujibu kwanza) kwenye poti 80 (mlango wa http), nayo haikubali wawili. Bekapu weka nje ya hiyo folda, mimi huwa naziweka /root/bekapu na tarehe kwenye jina.

Ila nina shauri kubwa kuliko hilo. Una mambo mawili usiku huu na umeyachanganya. La kwanza tovuti ya mteja irudi hewani, la pili subdomeini ya Machame ikamilike. Hilo la pili halina haraka. Hiyo mfano.bak ndiyo konfigi iliyokuwa inafanya kazi mpaka saa nne, irudishe. Faili jipya litoe kabisa lipeleke /root, halafu mfano.bak ibadili jina iwe mfano, piga `nginx -t`, washa. Kuhangaika na kitu kipya huku cha zamani kimezima ndiko kunakomfanya mtu akeshe.

njiro_block_c (saa 5:27)

Namuunga mkono mzee hapa, rudisha cha zamani kwanza.

chalii_wa_sakina (saa 5:34)

Wakuu nimefanya kama mzee alivyosema. `nginx -t` sasa inasema syntax is ok na test is successful, nikashusha pumzi, nikapiga `systemctl start nginx` na BADO IMEGOMA. Sentensi ile ile ya mwanzo. Konfigi ni ile ile iliyokuwa inafanya kazi mchana, haijabadilika hata herufi moja, sasa imekuwaje tena?

Nimeangalia `journalctl -u nginx` kuna makosa ya address already in use ila ni ya 20:31, yaani saa mbili na nusu usiku, na muda huo tovuti ilikuwa nzima kabisa, nilikuwa nakula. Kwa hiyo hayo nimeyaacha natafuta ya sasa hivi siyaoni.

dada_wa_rau (saa 5:37)

Kaka rudi hapo hapo, usiyaache! Seva yako saa yake ni UTC (saa ya dunia), sisi tuko mbele kwa masaa 3. 20:31 ya seva ni 23:31 yetu, ndiyo saa tano na dakika thelathini na moja, ni hiyo start uliyopiga kabla hujaandika hapa. Piga `date` utaona. Mimi hiyo kitu ilishanipotezea nusu siku nikitafuta logi za asubuhi ambazo nilikuwa nazitazama machoni. Ukimaliza kesho weka `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, wengine wanapenda kuacha UTC ila kwa seva moja ya mteja wa hapa hapa sioni sababu.

Bandika huo mstari mzima.

chalii_wa_sakina (saa 5:39)

`[emerg] bind() to 0.0.0.0:80 failed (98: Address already in use)`

babu_terminali (saa 5:42)

Sasa tumefika kwenye kiini. Poti 80 ina mtu mwingine ameikalia. Na usishangae kwamba `nginx -t` imekuambia sawa, ile inakagua maandishi ya konfigi, inajaribu na kufungua vyeti, lakini poti ikiwa imeshikwa na mwingine inanyamaza, mpaka uwashe kweli ndiyo unaona.

Piga `ss -ltnp | grep :80`

Ila nadhani namjua ni nani. Ule ukurasa wa It works! uliouona kwenye simu si wa nginx. Nginx ya kwao huandika Welcome to nginx! It works! ni ya Apache, programu nyingine ya kurusha tovuti kama nginx.

chalii_wa_sakina (saa 5:44)

Mzee ni kweli! Imetoka users:(("apache2",pid=812... na wengine wawili watatu wa apache2. Lakini mimi sijawahi kuweka Apache kwenye hii seva, naapa.

babu_terminali (saa 5:48)

Umeiweka leo jioni bila kujua. Kwenye Ubuntu ukisema `apt install php` peke yake, ile php inataka mahali pa kufanyia kazi, na chaguo lake la kwanza ni moduli ya Apache, kwa hiyo inamvuta Apache mzima anaingia. Jioni alipojaribu kuwaka alikuta nginx imeshika poti 80 akashindwa, ndiyo maana tovuti haikutetereka. Lakini alishaandikwa kwenye orodha ya vitu vinavyowaka seva ikianza. Saa nne ukaristati nginx ikafa kwa sababu ya nukta mkato, ukariboti, Apache akakuta poti iko wazi akakaa. Tangu hapo hata konfigi yako ingekuwa safi kama maji ya Chemka nginx isingewaka.

`systemctl disable --now apache2`

Halafu `systemctl start nginx`. Usisahau disable, ukipiga stop tu, siku seva ikiribotiwa atarudi.

chalii_wa_sakina (saa 5:51)

IMEWAKA. Imewaka wakuu!! https inafunguka, kurasa zote ziko, nimejaribu kwa simu ya mke wangu yenye laini nyingine nako inafunguka. Sijui niseme nini, Mungu awabariki sana. Sasa nakumbuka wakati wa apt kulikuwa na maandishi ya apache2 kushindwa pale mwishoni nikaona PHP imeingia nikaendelea na kazi.

dada_wa_rau (saa 5:53)

Mungu mkubwa. Sasa zima kompyuta ulale, Machame ni ya kesho. Na mteja mwambie asubuhi, mwambie ilikuwa chini kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, asije akasikia kwa mgeni wake.

babu_terminali (saa 6:05)

Kabla hujalala nakuachia ya kesho. Kwenye lile faili jipya mistari ya SSL inaitaja fullchain.pem (faili la cheti) ya machame, na nadhani hicho cheti hujakiomba bado. Ukiliweka hivyo nginx itakuambia cannot load certificate na itagoma. Hapo ndipo vijana wengi wanakwama, maana certbot, programu ya kuombea cheti, inataka nginx iwe hewani ili Let's Encrypt, watoaji wa vyeti, wahakikishe domeini ni yako, na nginx nayo inakataa kuwaka bila cheti, wanasubiriana. Dawa yake anza na block ya poti 80 peke yake, bila SSL hata mstari mmoja. Angalia `dig +short machame.mfano.co.tz` inarudisha IP ya seva yako. Halafu jaribu kwa `--dry-run` kwanza, kwa sababu uhakiki ukishindikana mara 5 ndani ya saa moja wanakuzuia kwa muda. Ikipita ndiyo uombe cheti chenyewe, na certbot wataiandika hiyo mistari ya SSL wenyewe.

Na hiyo fomu itahitaji php-fpm, nginx haiwezi kusoma PHP peke yake. `apt install php-fpm`, hiyo haimvuti Apache.

chalii_wa_sakina (kesho yake, saa 9:20 alasiri)

Wakuu narudi na ripoti. Asubuhi nimempigia mteja nikamweleza yote, alinyamaza kidogo halafu akaniuliza kama inaweza kujirudia, nikamwambia nilichobadilisha, tumeelewana.

Machame imesimama. Nilipopiga dig haikurudisha kitu, kumbe rekodi ya A kwenye DNS (inayoelekeza jina kwenye IP) sikuwa nimeitengeneza, kwa hiyo hata jana cheti kisingetoka. Nimeiongeza, nikasubiri kama nusu saa, nikafuata hatua za mzee moja moja:

`certbot certonly --nginx -d machame.mfano.co.tz --dry-run`

ikapita, nikapiga `certbot --nginx -d machame.mfano.co.tz`, cheti kikatoka. Kila nilipogusa faili nilipiga `nginx -t` halafu reload, na tovuti kubwa haijazima hata sekunde. Fomu mwanzoni ilinipa kosa la 502, nikakuta kwenye fastcgi_pass (mstari unaounganisha nginx na PHP) nimeandika soketi ya 8.1 niliyokopi sehemu wakati kwenye hii Ubuntu ni `/run/php/php8.3-fpm.sock`, nimerekebisha sasa inatuma.

Swali langu la mwisho, vyeti vya Let's Encrypt ni vya siku 90, sasa kwa kuwa vimekuwa viwili itabidi niweke kroni (kazi inayojirudia yenyewe) nyingine ya kuvihuisha?

dada_wa_rau (saa 9:41)

Hongera sana kaka. Hapana, certbot ikiwekwa kwa apt inakuja na taima yake, ipo kwenye `systemctl list-timers`, na inapitia vyeti vyote vilivyopo. Jaribu tu `certbot renew --dry-run` uone vyote viwili vinapita.

chalii_wa_sakina (saa 9:46)

`Congratulations, all simulated renewals succeeded` na vyote viwili vimetajwa. Na mteja kanitumia ujumbe sasa hivi, wale Wajerumani wamejaza fomu, watu wanne, Machame siku saba.