Wafungwa na walowezi huru wa New South Wales: nani aliinuka?

Swali: Ndugu zangu, ninasoma kuhusu koloni la Uingereza la New South Wales, huko Australia, ambako meli 11 kutoka Uingereza ziliwafikisha wafungwa mwaka 1788. Je, aliyemaliza kifungo aliweza kweli kuinuka, au ardhi iliwaendea walowezi huru peke yao?

Jibu la 1: Baadhi yao waliinuka. James Ruse, aliyekuwa mfungwa, alipewa ekari 30 karibu na Parramatta akaonyesha kwamba familia inaweza kujilisha kwa kilimo. Francis Greenway, aliyehukumiwa kwa kughushi hati, alifanywa msanifu majengo wa serikali na Gavana Macquarie. Hata hivyo, miaka ya mwanzo ilikuwa ya njaa kali, kwa kuwa udongo wa Sydney ulikuwa duni, wengi hawakujua kulima, na chakula kilisubiriwa kutoka ng'ambo. Msafara wa pili wa meli za wafungwa, wa mwaka 1790, unanihuzunisha zaidi: takriban robo ya wafungwa walikufa baharini.

Jibu la 2: Nakubali, ila mlowezi huru mwenye mtaji alianza akiwa mbele, kwani alipewa ardhi pamoja na wafungwa wa kumfanyia kazi, ambao aliwalisha na kuwavisha. Mfungwa mwenye mwenendo mzuri aliweza kupata kibali cha kujitafutia kazi kabla ya kifungo kwisha, na kibali hicho kilinyang'anywa akikosea.

Jibu la 3: Naomba tukumbuke kwamba ekari hizo zilikuwa na wenyewe. Waeora, wenyeji wa asili wa eneo la Sydney, walipokonywa ardhi yao ya uvuvi na uwindaji, na ndui ya mwaka 1789 iliwaua wengi mno.