Wafugaji wa tarantula Tanga, tupeane uzoefu: mnaishi vipi na buibui mkali bila kuumwa?

Chumbageni Mkavu: Wakuu, salaam. Nipo Tanga mjini. Ninaye buibui wa Usambara, jike, yule wa rangi ya chungwa. Vitabuni ni Pterinochilus murinus, jina alilopewa mwaka 1897. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamheshimu sana kwa ukali wake, na huku kwetu ndiko nyumbani kwake.

Niseme mapema: huyu hashikwi. Tarantula wengi wa Amerika wana manyoya yanayowasha, adui akisogea wanayarusha. Wa Afrika hawana hayo. Akibanwa ana mawili tu, mbio na meno, na mbio zake jicho halizifuati. Inaniuma kuona vijana wanaanza kufuga baada ya kutazama video ya mtu kamweka buibui kiganjani.

Naomba mseme mnavyofanya, hasa maji na kumhamisha. Mimi maji naweka kwa bomba la sindano. Sindano nimeitoa, nimechomeka mrija mrefu. Kifuniko nilikitoboa kwa msumari wa moto, usawa wa kisahani chake. Mrija unapita hapo, maji yanadondoka kisahanini, kifuniko hakijafunguliwa.

Mgosi wa Muheza: Umenena, mgosi. Mimi naongezea habari ya udongo. Watu wanaweka udongo kiduchu ili wamwone vizuri, halafu wanalalamika kwamba kila wakifungua anasimama kutisha. Sasa atakwenda wapi?

Wangu nimemjazia vumbi la makumbi ya nazi, kavu, kina chake kinazidi urefu wa buibui mwenyewe akinyoosha miguu. Kifuu cha nazi nimekifukia nusu, mdomo ukiangalia pembeni. Akafuma utando mweupe mzito kutoka kifuuni hadi ukutani, akaacha milango miwili. Tangu hapo nikigusa kifuniko anaingia zake ndani. Buibui mwenye pa kukimbilia hatafuti ugomvi.

Akiinua miguu ya mbele na meno meusi yakaonekana, hapo amekwisha kusema. Funga, rudi kesho. Na usimpulizie pumzi eti asogee, utamtia hofu zaidi. Kibano kiwe kirefu, hata cha kumpa mende.

Mama Makorora: Mwanangu ndiye mfugaji. Nilikubali kwa sharti chombo kiwe na kufuli na kikae mbali na wadogo zake. Kitu ambacho hamjakitaja ni dawa ya mbu. Ile ya kupuliza inaua wadudu, na buibui haimwachi. Chumba chenye chombo hatupulizi kabisa, na chandarua chenye dawa hakisogezwi pale.

Halafu kuna kujivua gamba. Siku moja tulimkuta amelala chali juu ya utando, miguu hewani. Dada wa kazi akataka kumtupa. Mwanangu akamzuia: "Dada, usiguse, anajivua." Akatueleza kuwa buibui anayekufa kwa kawaida miguu hukunjamana chini ya tumbo, ila anayejivua hulala chali. Tukakaa kutazama. Gamba likapasuka, akawa anachomoa mguu mmoja mmoja kama mtu anayevua soksi iliyolowa. Meno yalitoka meupe kabisa, laini. Hakupewa chakula mpaka yalipokuwa meusi. Na akikataa kula kabla ya kujivua, nyenje aliyewekewa kama chakula atolewe, maana nyenje akibaki ndani anaweza kumtafuna wakati hana nguvu.

Muuguzi wa Pwani: Naongea kama mtu wa zahanati. Kijana mmoja aliletwa kwetu ameumwa kidole, aliingiza mkono kutoa mende aliyekufa. Buibui huyu hajulikani kuua watu, lakini yule kijana alikuwa analia. Mkono umevimba, na baadaye misuli ikaanza kukaza, hata ya miguu. Kukaza huko kunaweza kurudi kwa siku kadhaa.

Ukiumwa, vua pete mara moja kabla vidole havijavimba. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, kunywa dawa ya maumivu, kisha nenda hospitali ukaangaliwe, na uulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, na usipoteze muda na jiwe la nyoka. Pumzi ikibana au uso ukivimba, hiyo ni dharura, usingoje kuche.

Mwana Pangani: Shikamoo Muuguzi, asante sana kwa hilo. Mimi niseme juu ya kumshika. Tunazungumzia sana kuumwa sisi, lakini yeye ndiye anayekufa. Tumbo lake ni laini, akidondoka kutoka mkononi hadi sakafuni linaweza kupasuka. Anayempenda buibui wake amwache chini.

Jingine, msiende kuchimba mashimo Amani wala hifadhi nyingine. Kutoa kiumbe hifadhini bila kibali ni kosa. Hata nje ya hifadhi, ulizeni kwanza ofisi ya wanyamapori.

Chumbageni Mkavu: Nashukuru wote. Mwana Pangani, kumhamisha je? Wangu chombo kimeanza kuwa kidogo.

Mwana Pangani: Fanya mchana, ametulia. Weka chombo cha zamani na kipya ndani ya beseni kubwa, refu la kuta. Chukua kopo la plastiki linaloonyesha, lenye mdomo mpana. Lilaze kopo mbele yake, kisha kwa brashi ndefu ya rangi mguse taratibu miguu ya nyuma. Ataingia mwenyewe. Pitisha kadi ngumu mdomoni, nenda nalo chombo kipya, elekeza mdomo kwenye kifuu, toa kadi. Akichelewa kutoka, mwache na kopo lake humo humo, funga, utalitoa baadaye kwa kibano. Kabla hujaanza, watoto na paka watoke, feni izimwe, na chini ya mlango ziba kwa kanga.