Tupeane uzoefu: fonti na rangi zilizoipa tovuti yako sura iliyotakiwa

Wadau mnaotengeneza tovuti hapa Nairobi, karibuni. Kanuni za fonti na rangi tunazijua. Ninachotaka kusikia ni yale uliyoyaona kwa wateja na wasomaji wako. Naanza mimi.

Familia moja iliniomba ukurasa wa kumkumbuka nyanya yao: picha, historia ya maisha, nyimbo za ibada. Walitaka zambarau, pamoja na herufi za madoido kama zile za vijitabu vya mazishi vinavyochapwa River Road. Zambarau niliikubali papo hapo. Kwa familia ya Kikatoliki hiyo ni rangi ya Kwaresima na ya misa ya wafu, haihitaji maelezo. Shida ilikuwa fonti. Jina la marehemu lina ũ na ĩ, na fonti waliyoipenda haikuwa na herufi hizo. Hapo kivinjari huazima herufi inayokosekana kutoka fonti nyingine, na jina linatokea kama nguo yenye viraka. Jina la mzazi wa watu haliandikwi hivyo. Nikawaonyesha Gentium, fonti ya SIL, shirika linaloshughulika na lugha, iliyochorwa makusudi kwa ajili ya lugha nyingi zinazotumia herufi za Kilatini. Ina visigino vidogo kwenye ncha za herufi, imetulia, inasomeka kama kitabu. Kifungua mimba wa marehemu alipoliona jina limekaa sawa, aliomba nisiguse kitu kingine.

Fundi wa Ngara: Pole kwa familia. Yangu ni ya kijana anayeuza viatu vya mtumba Gikomba. Alitaka tovuti ifanane na nganya, yale matatu yaliyopambwa kwa michoro: nyeusi tititi, kijani kinachowaka, herufi za grafiti kila mahali. Hamu yake niliielewa, maana wateja wake ndio hao hao wanaochagua matatu kwa michoro. Lakini maandishi ya nganya ni neno moja au mawili, unayasoma gari likipita. Bei, saizi na maelezo ya kutuma mzigo ni kitu kingine kabisa. Grafiti tukaiacha kwenye jina la duka peke yake, kwingine kote tukatumia Roboto, fonti isiyo na madoido. Ile nyeusi nayo tuliipa nafasi ya juu tu, kwa sababu ukisimama stejini jua likiwaka, skrini nyeusi inakuonyesha uso wako badala ya viatu. Bado ukifungua unajua uko kwa kijana wa mjini.

Mama Taji: Mimi nashughulika na tovuti za kliniki ndogo. Wabunifu wengi wanadhani utulivu ni kijivu hafifu juu ya nyeupe. Mgonjwa mwenye wasiwasi akikunja macho kutafuta saa za kufungua, utulivu uko wapi? WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa makubwa. Kijivu chenye msimbo wa rangi #777777 juu ya nyeupe hakifiki 4.5, #767676 kinapita. Mimi naandika kwa samawati iliyokoza sana, karibu na nyeusi, na utulivu nautafuta kwenye nafasi kati ya mistari.

Kijana wa Umoja: Kitufe cha kulipa nakiweka kijani kila mara. Macho ya Wakenya yamezoea M-Pesa.

Fundi wa Ngara: Bosi uliyeanzisha, hiyo Gentium si nzito kwa simu yenye data kidogo?

Mwanzilishi: Ina herufi nyingi, kwa hiyo nilipakia faili ya uzito wa kawaida pekee, kwa WOFF2, aina ya faili ya fonti iliyobanwa kwa ajili ya tovuti. Vichwa nimevitofautisha kwa ukubwa na zambarau. Nimeweka pia kwenye CSS agizo la font-display: swap, ili maandishi yatokee kwanza kwa fonti ya simu, Gentium ifuate ikishafika. Aliyetengeneza tovuti ya Kikamba, ambako ũ na ĩ zipo pia, atuambie alitumia fonti gani.