Wakuu ngozi ya modeli yangu ya 3D inatoka kama mshumaa, nifanyeje?

Kibatari3D: Habari za jioni wakuu. Nipo Dar, nina kazi ya mtu, kichwa cha mzee wa miaka sabini na kitu, mweusi tii, natumia Blender, ile programu ya kuchonga vitu vya 3D. Umbo limekubali kabisa hadi mikunjo ya shingo ipo, shida ni ngozi. Nikirenda, yaani kompyuta ikitoa picha ya mwisho, anatoka kama mshumaa, nikirekebisha anakuwa kama kiatu kilichopigwa kiwi. Siku ya nne leo sijalala vizuri, kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga. Kazi inatakiwa Ijumaa na advansi nishaila. Naombeni msaada, na msiniulize kwa nini nilipokea kazi nisiyoiweza.

Mzee wa Kahawa: Kwa nini ulipokea kazi usiyoiweza?

Dada Shufaa: Mie niliposoma kichwa cha uzi nikajua mtu kaharibikiwa na mkorogo, nimekuja mbio na ushauri wa mafuta ya nazi 😂 haya ngojeni waje wenye ujuzi

FundiPoligoni: Mkuu sabsafesi, ile ya mwanga kupenya ndani ya ngozi, umeiacha ilivyo? Blender 4 inakuja na sikeli ya mita 0.05 na rediasi 1.0, 0.2, 0.1 za nyekundu, kijani na bluu, unazizidisha na sikeli, maana yake mwanga mwekundu unapenya mpaka sentimita 5 na kichwa cha mtu upana wake ni kama 15 tu, sasa hapo hata pua inapitisha mwanga, lazima awe mshumaa. Shusha hadi 0.005 halafu uangalie masikio kwanza. Na kwa mtu mweusi usiitegemee sana hiyo kitu, melanini inameza mwanga, uhai wa ngozi yetu unaonekana zaidi kwenye mng'ao wa juu. Kuna profesa wa Yale, Theodore Kim, aliandika 2020 kwamba hizi mbinu zilikuzwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, ndo maana sisi tunahangaika. Na hiyo kiwi ni rafunesi (kipimo cha ukwaruzo, kikishuka ngozi inang'aa) moja uso mzima. Pua na paji lina mafuta, shavu la mzee limekauka, chora mapu yake, picha ya kuonyesha wapi pang'ae wapi pasing'ae, kwa mkono.

Kibatari3D: Ubarikiwe mkuu. Masikio yamepona! Ila shavu bado laini kama la mtoto, vitundu vya ngozi havionekani.

FundiPoligoni: Picha umepiga mwenyewe? Mrudie, tafuta filta mbili za polaraiza, moja kwenye taa moja kwenye lenzi, zungusha ya lenzi mpaka mng'ao ufe, unabaki na rangi tupu. Hapo hata tundu moja halikupotei.

Kibatari3D: Kupiga upya haiwezekani, yupo mbali.

Mzee wa Kahawa: Mbali wapi, Kigoma? Hata Kigoma kuna simu zenye kamera.

Binti Saruni: Marehemu babangu alikuwa na studio Tanga miaka ile, alikuwa anazitachi negativu kwa penseli, chunusi zote zinaondoka, halafu bibi harusi anakuja kuchukua picha anagoma kulipa, anasema huyu si mimi. Baba akawa anamuachia kila mtu baka moja la kumtambulisha. Samahani nimetoka nje ya mada.

FundiPoligoni: Kibatari hujajibu. Mbali wapi?

Kibatari3D: Amefariki wakuu, mwezi wa pili huu. Nina picha nne, moja ya kitambulisho imeskaniwa vibaya, mbili za harusi kavaa miwani na zimepigwa fleshi, na moja ya simu ina ile filta ya kulainisha uso.

FundiPoligoni: Si useme sasa!! Vitundu vililambwa na simu, utavitoa wapi? Na zile za harusi, ukibandika paji lenye fleshi kwenye tekscha ya rangi, ile picha anayovikwa modeli, mzee atatembea na fleshi ya ukumbini usoni kila utakapomuweka, hata gizani. Chukua vitundu vya mzee mwingine aliye hai na akubali, rangi tu ndo uitoe kwa marehemu.

Dada Shufaa: Modeli ya marehemu ya kazi gani?

Kibatari3D: Video ya dakika moja, ya arobaini. Anaongea na familia.

Dada Shufaa: Anaongea nini?

Kibatari3D: Salamu tu... na habari ya nyumba ya Temeke. Lakini mimi ni fundi tu jamani, aliyenipa ni mtoto wake wa kuzaa. Mshona sanda haulizi maiti kafaje. Na nikikataa atampa mwingine, advansi nishalipia kodi.

Ustadh wa Mtaa: Astaghfirullah. Marehemu aombewe dua, nyie mnamtia maneno mdomoni. Wosia una mashahidi kijana, hauna renda.

Mwana Kisauni: Hii ni chai, na haina hata sukari. Amesema mwezi wa pili sasa tena arobaini, miezi miwili si siku sitini? Huyu ni mwanafunzi ataka kufanyiwa homuweki akaona atie maiti tuamke.

Binti Saruni: Mwezi wa pili *huu*, yaani umeanza. Siku ya 31 mpaka 60. Arobaini imo.

Mzee wa Kahawa: Mnapiga hesabu za msiba wa mtu kwenye chai 😂

Mwana Kisauni: Basi alete renda tuione.

Kibatari3D: Siwezi kuweka sura ya watu hapa. Amini usiamini. Swali la mwisho mniache nikafanye kazi, mzee ana baka jeusi chini ya jicho, naliona kwenye ile ya simu tu, na ni selfi, sijui kama simu imeigeuza. Kwenye harusi miwani imeliziba. Nimempigia mteja kumuuliza baka lilikuwa kushoto au kulia, kasema hakumbuki, niweke popote.

Dada Shufaa: Mtoto wa kuzaa hakumbuki baka la babake?

Kibatari3D: Na mimi ndo nimeganda hapo.